Jinsi ya Kuchapisha Picha Zenye Mng'ao wa Metali Nyumbani

Wananchi wanaopiga picha za harusi, mahafali au bidhaa wanaweza kuchapisha picha zenye mng'ao wa metali kwa printa ya kawaida ya wino, bila kununua mashine mpya. Hata hivyo, karatasi yake ni ghali kuliko karatasi nyingine za picha, na ikishaharibika hairudi dukani. Ni vyema kuielewa kazi hii kabla ya kupokea pesa za mteja.

Mng'ao hutoka wapi?

Wino wa printa hizi hauna metali. Mng'ao umo kwenye karatasi, ambayo ina tabaka linalometameta chini ya tabaka linalofyonza wino. Mwanga hupenya wino, hugonga tabaka hilo na kurudi machoni.

Kwa kawaida printa ya nyumbani haina wino mweupe. Sehemu nyeupe za picha huachwa bila wino, hivyo huonekana za rangi ya fedha au lulu. Magari, vito, maji na taa za usiku hupendeza sana. Lakini shela nyeupe ya bibi harusi nayo itageuka rangi, na si kila mteja atafurahia. Mwonyeshe sampuli kwanza.

Hatua za kufuata

1. Nunua karatasi ya metali iliyoandikwa kuwa ni ya printa za wino. Ile ya maabara za picha, inayosafishwa kwa kemikali, haifai.
2. Weka karatasi moja moja, upande unaong'aa ndio upokee wino.
3. Kwenye mipangilio ya printa, chagua karatasi ya picha inayong'aa na ubora wa juu.
4. Jaribu kwanza karatasi ndogo ya sentimita 10 kwa 15 kabla ya kutumia A4. Picha ikitoka na giza, iongezee mwangaza kwenye kompyuta.
5. Ishike kwa kingo, na uiache ikauke kwa saa 24 kabla ya kuitia kwenye fremu.

Njia ya gharama nafuu

Chapisha kwenye plastiki angavu ya printa za wino, picha ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Ikikauka, laza upande wenye wino juu ya kadi ya rangi ya fedha. Usitumie foili ya jikoni: wino haushiki, na foili inaweza kukwama na kuharibu printa.

Kumbuka

Picha hufifia ikikaa juani, basi mshauri mteja aitundike kivulini. Anayefanya kazi hii kama biashara anahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Pia, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, omba idhini ya mteja kabla ya kutumia picha yake katika matangazo yako.