Besera Baadaye, Ukuta Kwanza!

Mshikaji, umerithi nyumba ya babu Mangapwani, na mawazo yote yako kwenye kitanda cha besera, kasha la njumu na kiti cha enzi? Safi sana, lakini tulia kwanza. Nyumba zetu za kale Unguja ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, juu boriti za mikoko. Fundi akikushawishi upige plasta ya saruji, mkatalie! Saruji hufungia unyevu ndani, boriti zikaoza kimyakimya. Chokaa huupitisha ukakauka. Ukuta mzee si wa mchezo: Beit al-Ajaib, jumba la 1883, liliporomoka sehemu likiwa kwenye matengenezo, Desemba 25, 2020, wakafa watu wawili. Kasha nalo (zito hilo!) liweke mbali kidogo na ukuta, mchwa wasilipate kirahisi.