Unyevu, si umri pekee, huua mbegu za pilipili

MKULIMA anayepanda mbegu za pilipili alizozitunza mwenyewe, akasubiri wiki tatu na kuambulia miche michache dhaifu, kwa kawaida huulaumu udongo au husema mbegu zimezeeka. Mara nyingi chanzo ni unyevu.

Mbegu ni kitu hai kilicholala. Ikiwa na maji mengi hupumua kwa kasi, humaliza akiba yake ya chakula na hushambuliwa na kuvu. Kanuni ya mtaalamu wa Marekani, James Harrington, inaeleza kuwa kila asilimia moja ya unyevu inayopunguzwa ndani ya mbegu, kati ya asilimia 14 na 5, huongeza maisha yake takriban maradufu. Kushusha joto la mahali inapohifadhiwa kwa nyuzi 5 hivi huleta matokeo kama hayo. Kwa wakazi wa Dar es Salaam au Tanga hilo ni tatizo kubwa, kwani mbegu iliyofungwa kwenye karatasi na kuwekwa kabatini hufyonza upya unyevu wa hewa ya pwani, hata kama ilianikwa vizuri.

Ubora wenyewe huanzia shambani. Matunda ya mbegu huachwa kwenye mche wenye afya hadi yaive kabisa. Yenye madoa ya chule hayafai, kwa kuwa ugonjwa huo huenezwa na mbegu. Aidha, nyuki wanaweza kuchavusha hoho kwa chavua ya pilipili kali iliyo jirani, na msimu unaofuata mpenda kachumbari akashtukia mdomo unawaka.

Matunda yaliyovunwa hukaa kivulini wiki moja hivi kabla ya kukamuliwa mbegu, ambazo nazo hukaushwa kivulini penye upepo. Kuzianika juu ya bati wakati wa jua kali, kama wafanyavyo wengi, ni kuzipika. Mbegu iliyokauka huvunjika ikikunjwa. Ikipinda tu, bado.

Hapo ndipo hutiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, ambao hunyonya unyevu uliobaki. Jokofu ni mahali pazuri, ila chupa ikitolewa isifunguliwe kabla haijapoteza ubaridi, vinginevyo mbegu zitalowana kwa umande.

Kabla ya kupanda, mbegu 20 huviringishwa katika kitambaa chenye unyevunyevu kwa wiki mbili, mahali penye joto. Zikiota chini ya 10, ni heri kutafuta mbegu nyingine.