Mbwa wa Boma: Achanjwe au Aachwe?

Timu ya mifugo ikifika upande wa Banissa kuchanja mbuzi, watu huleta mbuzi, huleta kondoo, na mwenye ngamia mgonjwa humleta pia. Mbwa hubaki bomani. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu, "Daktari, huyo si ni mbwa tu? Hakamuliwi, hauzwi." Na kweli, hakuna mtu Derkhale au Malkamari aliyewahi kulipa mahari kwa mbwa.

Lakini usiku fisi akija kwenye zizi, nani humwona kwanza? Ni huyo huyo. Na akikutana na mbweha mwenye kichaa huko nje gizani, atakayeumwa kwanza ni yeye, na asubuhi atarudi kulala pale watoto wanapochezea. Kwa hiyo, ndugu mfugaji, swali la kumchanja au kumwacha si dogo. Kumpeleka kuna gharama: siku nzima ya kutembea, kamba, labda pesa, labda na kuumwa mkono. Hebu tuipime.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, au akilamba mahali palipochubuka, kirusi huingia na kusafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa binadamu safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa wiki moja tu, yaweza kufika mwaka. Wakati huo wote mtu yuko sawa, anachunga, anakula, na kidonda kimeshapona. Dalili zikianza, hata maji yanaanza kumtisha, basi hakuna tena dawa, si Banissa, si Mandera, si Nairobi, wala ng'ambo. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa.

Ziko chanjo za mbwa ambazo mwenyewe ana nafasi ya kuzifikiria taratibu. Huko Marekani, katika jimbo la Minnesota ambako Wasomali wengi wamehamia, kuna ugonjwa uitwao Lyme unaoletwa na kupe. Chanjo yake kwa mbwa ipo, lakini wenye mbwa wanajadiliana na madaktari kama inafaa, kwa sababu mbwa wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi ugonjwa wowote, akiugua kuna dawa, na kupe wenyewe wanaweza kuzuiliwa. Mtu akisema "nitasubiri nione", hajakosea sana. Kwa kichaa cha mbwa, ukisubiri uone, utakachokiona ni kifo.

Sasa pima umbali. Tuseme mtoto ameumwa huko fora, na ngamia wako mbali na kijiji. Anahitaji sindano haraka, tena si moja. Hurudiwa kwa siku zinazohesabiwa: siku ya kwanza, ya tatu baada ya hapo, ya saba, na kwa utaratibu mwingine hata ya 14 na ya 28. Jeraha likiwa kubwa huhitaji pia dawa nyingine ya kinga inayodungwa penye jeraha lenyewe, na hiyo ni ghali na ni adimu. Dawa hizi zataka friji na mtu aliyefunzwa. Huenda dispensari ya karibu haina. Basi ni kutafuta gari, na wakati wa mvua barabara zetu mnazijua. Yote hayo, ukiyaweka kwenye mizani dhidi ya sindano moja ya mbwa kwa mwaka, mzani unalala upande mmoja tu. Mimi naona hapo ndipo penye uamuzi. Bei ya mbwa haimo kabisa katika hesabu hii.

Wazee wana maswali yao, na ni maswali ya haki.

"Kijana wangu, mbwa akidungwa si atakuwa mvivu, asibweke tena?" Hapana, mzee. Chanjo ina kirusi kilichouawa, hakiwezi kumpa ugonjwa. Aweza kulala zaidi siku moja mbili, au kuvimba kidogo penye sindano. Ukali wake utabaki pale pale.

"Na hiyo dawa imekaa kwenye joto la gari tangu Mandera. Si imeharibika?" Hili ni swali zuri kuliko yote, maana joto la kwetu si mchezo. Chanjo inatakiwa kuwekwa kwenye baridi, nawe una haki ya kuuliza sanduku la barafu liko wapi. Lakini kuna habari njema: utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo hii, hata ikiwekwa miezi mitatu kwenye joto la nyuzi 30, bado iliwakinga mbwa vizuri. Hiyo haina maana iachwe juani kwenye paa la lori.

"Kwa nini tusiwaue tu?" Imejaribiwa mahali pengi na haikufaulu. Ukiua wa hapa, wengine huhamia, na mbwa jike huzaa watoto wasio na kinga yoyote. Tena wanaouawa kwanza ni wale waliokaribu na watu, pengine ndio waliochanjwa.

Liko na la jirani: mimi nikichanja wangu na yeye asichanje wake, nimefaidi nini? Umefaidi boma lako, na hilo si dogo. Lakini kweli, ugonjwa hukatika kijiji kizima kikishiriki. Katika utafiti wa Serengeti ilionekana kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza mbwa mwingine mmoja na kitu, hawafiki wawili. Ndiyo maana wataalamu husema mbwa saba katika kumi wakichanjwa, mnyororo unakatika. Kisiwani Pemba, ambako watu wengi ni Waislamu kama hapa kwetu, walichanja mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2014 kichaa kikaisha. Mwaka 2016 kikaingia tena, wakachanja tena kwa haraka, na kufikia 2018 kikaisha mara ya pili. Wao wana bahari pande zote. Sisi tuna mpaka wa Ethiopia ambao mbweha hauombi ruhusa kuuvuka, kwa hiyo hatuwezi kuchanja mara moja na kusahau.

Hili lataka kusemwa kwa heshima. Sisi si wa kuwafundisha ndugu Waislamu dini yao. Wao wenyewe wanajua kwamba mbwa wa ulinzi na wa kuchunga anaruhusiwa, na kwamba mate yake yana sheria za tohara. Tunachoomba ni kwamba mambo ya mwili, nguo na vyombo waulizwe mashekhe, lakini jeraha la kuumwa lisitiwe udongo, wala pilipili, wala majani. Lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, hata kama maji yenyewe ni ya bwawa na umeyabeba kwa punda. Kisha twende hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja mbwa aonekane mgonjwa.

Ngamia au ng'ombe anaweza kuumwa na kupata kichaa pia. Akianza kutoa mate mengi, kulia ovyo na kuuma vitu, asichinjwe, asikamuliwe, wala mtu asimtie mkono mdomoni akidhani amekwamwa na mfupa. Aitwe bwana mifugo.

Mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Kinga yake ya kwanza huchukua kama wiki tatu au nne kukomaa, na haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, kwa hiyo usingoje kusikia habari za kichaa kijiji cha pili. Siku za kuchanja mbuzi zikitangazwa kwenye baraza la chifu, uliza mapema kama timu itabeba na ya mbwa, maana wasipoulizwa huenda wasibebe. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali ya kaunti, basi maombi yapelekwe huko, na yakipelekwa na wazee kwa pamoja husikika haraka. Siku yenyewe, mbwa ashikwe na yule kijana anayempa chakula, si mgeni. Afungwe kamba mdomoni kwanza. Na kadi mtakayopewa iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwani mbwa huyo akimuuma mtu, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza daktari atakayoiuliza.