Ukifika Bujumbura, usiishie katikati ya mji

NILIPOREJEA Burundi mwaka 2008 nikitokea makazi ya Katumba, Mpanda, mkobani nilikuwa na cheti cha ualimu cha Tanzania. Kirundi changu kilikuwa kile alichotufundisha mama jikoni, na Kifaransa hakikuzidi maneno kumi. Kiswahili ndicho nilichosomea, ndicho nilichohesabia, na ndicho nilichofundishia. Hata hivyo, haikupita wiki mbili nikaanza kukificha.

Sababu ilikuwa moja: kila nilipofungua mdomo, watu waligeuka. Kule Rumonge shamba la marehemu baba lilikuwa na wenyewe wengine tangu mwaka 1972, na baada ya vikao vingi tuligawana nusu kwa nusu. Katika vikao hivyo Kiswahili changu kilikuwa ushahidi kwamba mimi ni mtu wa kuja. Nilipohamia Bujumbura kutafuta kazi, niliingia ofisi moja baada ya nyingine na cheti changu, nikajibiwa kwa Kifaransa, nikaitikia kwa kichwa, nikatoka bila kujua nimeambiwa nini. Kwa miaka mitano mji huu niliujua kwa njia tatu tu: ya kituo cha mabasi, ya soko kuu na ya kanisani.

Nawaandikia makala haya waliorudi miaka ya karibuni kutoka Nyarugusu na Nduta, na pia wafanyabiashara wanaovuka Manyovu, Kobero na Gatumba na kulala Bujumbura usiku mmoja au miwili. Wengi wetu tunaishia katikati ya mji, ambako kila kitu ni ghali na hakuna anayetufahamu. Mji una sehemu nyingine, na kwa watu kama sisi huko ndiko unakofunguka.

Soko lilipoungua

Soko kuu la Bujumbura liliteketea Jumapili asubuhi, Januari 27, 2013. Dada yangu alikuwa na meza ya vitenge humo ndani. Tulisimama barabarani pamoja na mamia ya wenzetu, tukitazama moshi. Jioni hakuwa na meza wala kitenge, na deni la mzigo wa mwisho lilikuwa bado halijalipwa.

Baada ya moto ule wafanyabiashara walitawanyika. Wapo waliokwenda Kamenge, wapo waliokwenda Cotebu, Jabe na kwingineko. Mgeni anayefika leo akiwa na maelezo ya ndugu yake wa zamani kwamba "ukifika ulizia soko kuu" atapotea, kwa sababu biashara sasa imegawanyika katika masoko mengi ya mitaani. Dada alipata nafasi Ruvumera, soko lililoko Buyenzi. Nami nikawa namsaidia kubeba mzigo.

Jina la Buyenzi halikuwa geni kwangu. Kabla ya mwaka 1972 baba alikuwa mwanafunzi wa fundi baiskeli huko, na kule Katumba, kila alipoziba pancha ya jirani, alitutajia Buyenzi. Niliishi Bujumbura miaka mitano bila kwenda kupatafuta, wakati kutoka katikati ya mji ni mwendo wa mguu usiozidi nusu saa.

Mtaa wa waliokuja

Buyenzi uko kaskazini mwa katikati ya mji, kabla ya kuvuka mto Ntahangwa. Ni mtaa wa zamani uliopimwa wakati wa Wabelgiji, na barabara zake zimenyooka na kupewa namba, hivyo mgeni hapotei. Unatajiwa avenyu na namba ya nyumba, unahesabu, unafika.

Wakazi wake wa mwanzo wengi walikuwa watu wa biashara na misafara: wenye asili ya Ujiji, Wamanyema kutoka Kongo, na Warundi waliojiunga nao katika dini na katika lugha. Ndiyo maana misikiti ni mingi na Kiswahili ndicho lugha ya barazani, ya dukani na ya watoto wanaocheza mpira uchochoroni. Siyo Kiswahili chetu cha darasani. Kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa, na mwalimu akitaka kusahihisha atachoka. Lakini hakuna anayekificha.

Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, mitaa mingi ya Bujumbura ilipogawanywa kwa kabila, Buyenzi ulibaki mtaa wa mchanganyiko. Haukusalimika kabisa, lakini wapo waliokimbilia huko wakafichwa na majirani wa kabila jingine. Wazee wa pale hawajisifii jambo hilo. Ukiwauliza, hukwambia tu kwamba waliishi hivyo tangu mwanzo.

Siku yangu ya kwanza nilimsalimia mzee mmoja aliyekaa mbele ya duka la vipuri, nikamuuliza njia ya kwenda sokoni. Akacheka: "Karibu mwanangu. Kiswahili hicho umetoka nacho Mpanda, au Kigoma?" Kwa miaka mitano swali la nilikotoka lilikuwa linanitia hofu. Siku ile lilikuwa salamu. Nikamwambia ni Katumba, akaniuliza habari za mvua.

Nilimuuliza juu ya fundi aliyemfundisha baba. Hakumkumbuka, na mpaka leo sijampata anayemkumbuka. Alinionyesha tu upande walikokuwa wakikaa mafundi baiskeli zamani, akasema, "Wale wamekwisha, mama. Wajukuu zao ndio hawa wa magari."

Mafundi, chai na ndagala

Kwa mwenye gari, mji mzima unajua kwamba matengenezo ni Buyenzi. Injini hushushwa barabarani, na kipuri ambacho hakipatikani madukani huchongwa. Ushauri wangu ni mmoja: patana bei kabla boneti haijafunguliwa, na kipuri kikuukuu kishuhudiwe na mwenyeji unayemwamini. Wapo mafundi hodari na wapo wajanja, kama kila mahali.

Kwa mwenye njaa, ingia uchochoroni asubuhi. Utapata chapati na maharage, chai ya maziwa yenye tangawizi, na mishikaki ikianza jioni. Bei haifanani na ile ya hoteli za katikati ya mji. Usipoona kibao usihofu, kwani nyumba nyingi zinazouza chakula hazina. Fuata harufu, piga hodi.

Ndagala, wale samaki wadogo ambao Kigoma tunawaita dagaa, nao wana somo lao. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi ziwa hutoa kidogo na bei hupanda. Dada yangu alijifunza hili kwa akina mama wa Ruvumera alipoacha vitenge na kuingia katika samaki wakavu. Sasa hununua giza likiwa nene na kuuza mwezi ukiwa mpevu. Deni la vitenge alilimaliza kwa ndagala, ingawa ilimchukua miaka miwili.

Soko hili pia ni mahali pa kusikia habari. Mpaka wa Gatumba ukifungwa au ukifunguliwa, bei ya mawese na ya vitenge huusema kabla ya redio.

Kilima na jiwe

Ukipata nafasi ya jioni, panda Vugizo kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Ukisimama pale unaona mji wote chini yako, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Rwagasore aliuawa kwa risasi Oktoba 13, 1961, majuma machache baada ya chama chake kushinda uchaguzi, na uhuru ukaja Julai 1, 1962 bila yeye. Wazee wa Buyenzi wanamhesabu kuwa wao, kwani aliwatafuta wafanyabiashara Waswahili na kuanzisha nao ushirika kabla ya siasa kupamba moto.

Mahali pengine ni Mugere, kama kilomita 12 kusini mwa mji, katika barabara ya Rumonge. Wasafiri hupita kwa kasi bila kujua kwamba kando ya barabara kuna jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo watakaokwambia kwamba hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo, walikutana Ujiji. Hapa walilala siku mbili walipokuwa wakienda kaskazini kwa mtumbwi kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waligundua kwamba unaingia.

Huwapeleka wanafunzi wangu kwenye jiwe hilo. Nawaambia kwamba makasia hayakupigwa na wale wawili walioandikwa. Waliopiga ni watu wengine, na njia hiyo ya ziwa ndiyo iliyoleta wengi waliojenga Buyenzi.

Ndiyo, nina wanafunzi. Nilianza na watoto sita katika ua wa nyumba moja Buyenzi, mwaka ule ule wa 2013, wazazi wakinilipa kidogo kidogo. Burundi ilikuwa imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, Kiswahili kilikuwa kimefika madarasani, na walimu wa kukifundisha walikuwa wachache. Mwenye nyumba ndiye aliyenipeleka kwa mkuu wa shule aliyekuwa akitafuta mwalimu. Cheti ambacho ofisi nyingi zilikirudisha, yeye alikisoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo wewe unayeshuka basi na mabegi yako, usimeze lugha yako kama nilivyofanya mimi. Uliza njia ya Buyenzi, na uliza kwa Kiswahili.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili mjini Bujumbura.