Fahamu viungo vyako, usikubali bega livutwe ovyo

MTU mzima ana mifupa 206. Mahali mfupa mmoja unapokutana na mwingine ndipo huitwa kiungo, na si kila kiungo huenda kila upande.

Tazama shughuli za Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapochepuka kutoka barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Mchuuzi anayeinua matunda hadi dirisha la basi anatumia bega. Hapa kichwa cha mfupa wa mkono, kilicho mviringo kama mpira, hukaa katika kishimo, na mkono huweza kwenda mbele, nyuma, kando na hata kuzunguka. Nyonga pia ni ya aina hii.

Kiwiko hufanya kazi kama bawaba ya mlango: hukunjwa na kunyooshwa. Goti ni vivyo hivyo, ingawa likikunjwa huweza kugeuka kidogo. Mwendeshaji wa bodaboda anapogeuka kutazama nyuma, pingili ya kwanza ya shingo huzunguka kwenye ncha ya pingili ya pili. Kidole gumba nacho kina kiungo mfano wa tandiko la farasi, ndiyo maana huweza kugusa vidole vingine. Lakini mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana, haisogei, ili kuulinda ubongo.

Katika viungo vinavyosogea, ncha za mifupa hufunikwa na gegedu laini, na ute huvilainisha kama grisi. Kano imara hufunga mfupa kwa mfupa.

Uhuru wa bega una gharama yake. Kishimo chake si kirefu, hivyo huteguka kwa urahisi kuliko viungo vingine vikubwa. Mtu akianguka na pikipiki, kisha bega likapoteza umbo lake, likauma sana na mkono ukakataa kuinuka, huenda limeteguka.

Usikubali mtu yeyote aliyepo barabarani auvute mkono huo. Neva na mishipa ya damu hupita karibu, na huenda mfupa umevunjika pia. Utegemeze mkono kwa leso jinsi ulivyo, usimpe majeruhi chakula, na umpeleke hospitali yenye mashine ya eksirei, kama ile ya Level 5 mjini Machakos.

Bega likisharudishwa, fuata mazoezi utakayoelekezwa. Hasa kwa vijana, bega lililoteguka mara moja huweza kuteguka tena.