Glasi Sita kwa Siku: Hesabu ya Mpenzi wa Mvinyo Melini

Jioni ya kwanza kwenye meli ya kitalii, abiria hajaijua hata njia ya kurudi chumbani kwake, na tayari mhudumu mwenye kishikwambi amesimama pembeni ya meza. Anauliza kwa tabasamu kama wageni wangependa kununua kifurushi cha vinywaji. Bei ya siku moja haitishi. Muziki unapigwa, taa za Barcelona zinabaki nyuma, na meza ya jirani wameshanyanyua glasi zao. Ni rahisi mno kusema ndiyo.

Sisi tunaovijua vifurushi vya simu tungepaswa kuwa wa kwanza kusita. Nani hajanunua kifurushi cha wiki cha intaneti kwa kuwa kilionekana nafuu, kisha siku ya saba akakuta nusu yake imelala na muda umekwisha? Kifurushi cha vinywaji melini ni ndugu yake wa damu, ila hiki huuzwa kwa mamia ya dola. Na katika abiria wote, anayepaswa kukitazama kwa makini zaidi ni mpenzi wa mvinyo, kwa sababu kifurushi hupima wingi, naye anatafuta ladha.

Unanunua nini hasa

Kampuni nyingi kubwa za meli za kitalii huuza kifurushi kwa bei ya siku, kwa kila mtu. Juu ya bei hiyo huongezwa tozo ya huduma, mara nyingi asilimia 18 au 20. Huwezi kulipia siku tatu za safari ya siku saba. Ukianza, unalipia safari nzima. Kampuni nyingi pia hutaka watu wazima wote wanaolala chumba kimoja wanunue, ili asilipe mmoja wakanywa wawili. Kwa hiyo mke anayependa mvinyo anaweza kujikuta anamlipia mume ambaye jioni nzima hanywi zaidi ya maji yenye ndimu, labda kampuni ikubali mume achukue kifurushi cha vinywaji baridi.

Kuna masharti mawili mengine ambayo mhudumu hutaja haraka haraka. La kwanza ni ukomo wa bei ya glasi. Kifurushi hulipia glasi hadi kiwango fulani cha dola, na kinachozidi hapo ni chako. Kampuni nyingine hukutoza tofauti tu, nyingine hukutoza bei yote ya glasi. La pili ni ukomo wa idadi. Carnival, kwa mfano, huweka kikomo cha vinywaji 15 vyenye kilevi kwa saa 24. Kwa mpenzi wa mvinyo sharti hili la pili halina uzito wowote. La kwanza ndilo linaloamua safari yake.

Daftari kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa kifurushi cha dola 75 kwa siku. Ongeza asilimia 18, unapata dola 88 na senti 50. Kwa siku saba ni dola 619 na senti 50 kwa mtu mmoja, na dola 1,239 kwa wawili.

Sasa tuseme glasi ya mvinyo melini ni dola 13, nayo ukiiongezea asilimia 18 inakuwa dola 15 na senti 34. Gawanya, na jibu ni karibu glasi sita. Hiyo ina maana kwamba kila siku, kuanzia siku ya kupanda hadi ya mwisho, kila mmoja wenu anywe glasi sita ndipo kifurushi kirudishe fedha yake. Chupa ya kawaida ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Kifurushi basi kinakudai chupa nzima na glasi moja juu yake, peke yako, kila siku.

Weka hesabu hiyo kando ya njia nyingine. Wawili hao wakiagiza kila jioni chupa moja nzuri ya dola 50, pamoja na tozo watalipa dola 59. Kwa siku saba ni dola 413. Wamebaki na dola 826 mfukoni, na kila usiku wamekunywa mvinyo walioutaka wenyewe.

Ni haki pia kuhesabu vinywaji vingine. Vifurushi vingi hujumuisha kahawa za mashine, soda, juisi na maji ya chupa. Mtu wa kahawa mbili asubuhi na maji ya chupa mchana anaweza kukaribia bei ya glasi moja ya mvinyo kabla hata jua halijazama. Andika kila unachokunywa siku ya kawaida ukiwa likizoni, kisha gawanya. Dakika kumi za kalamu na karatasi zitakuambia mengi kuliko tangazo lolote.

Kilichomo ndani ya glasi

Hata hesabu ikikubali, bado kuna swali lililo moyoni mwa kila anayependa mvinyo: ndani ya ukomo ule wa bei, kuna nini? Mara nyingi utakutana na majina yaliyozoeleka: Sauvignon Blanc ya Marlborough kule New Zealand, Malbec ya Mendoza kule Argentina, Chardonnay na Cabernet Sauvignon za California, Pinot Grigio ya Italia. Hakuna ubaya katika mvinyo huo. Lakini ukishaunywa wote siku mbili za mwanzo, siku tano zilizobaki utakuwa unarudia.

Kwa hiyo omba orodha ya mvinyo kabla ya kulipa. Kampuni nyingi ziko tayari kuionyesha, na mara nyingi orodha hupatikana kwenye programu ya simu ya kampuni hata kabla ya safari. Hesabu ni glasi ngapi zilizo chini ya ukomo ambazo kweli ungezichagua mkahawani kwa fedha yako. Zikiwa mbili au tatu tu, kifurushi si chako, hata kiwe na punguzo gani.

Jambo la pili ni uhai wa chupa iliyofunguliwa. Mvinyo ukikutana na hewa hubadilika, na baa yenye orodha ndefu ya glasi ina chupa nyingi zilizokaa wazi. Muulize mhudumu, kwa upole, chupa hii imefunguliwa lini. Si tusi, mhudumu mzuri hufurahi kukutana na mtu anayejali. Mweupe ukija baridi kama barafu, uache kidogo upate joto ndipo harufu yake ifunguke. Mwekundu ukija na joto la sitaha, omba upoozwe kidogo kwenye ndoo ya barafu.

Chupa yenye namba ya chumba

Kampuni kadhaa zina kifurushi cha aina nyingine ambacho hakitangazwi kwa kelele: kifurushi cha chupa. Unanunua chupa kadhaa kwa bei ya pamoja, kisha unazichagua kutoka kwenye orodha maalumu kwa kadiri safari inavyokwenda. Hakuna kumaliza kwa lazima. Kilichobaki jioni kinazibwa, chupa inaandikwa namba ya chumba chako, inatunzwa, na kesho inarudi mezani. Anayelipa ni mmoja, mezani mnakunywa wote. Kwa wawili wanaokunywa glasi mbili mbili na chakula cha jioni, sijaona mpango unaofaa kuliko huu.

Uko pia mlango wa kuja na chupa yako. Carnival na Royal Caribbean huruhusu kila mtu mzima kupanda siku ya kwanza na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750. Norwegian imekuwa ikiruhusu zaidi, kwa ada ya kufungua kwa kila chupa. MSC hairuhusu kabisa kupanda na kilevi. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo soma za safari yako kabla ya kufunga begi, na chupa ibebe kwenye mzigo wa mkononi. Chupa hiyo moja ichague kwa moyo. Iwe ile ambayo melini ingekugharimu mara mbili au tatu, au ambayo melini haipo kabisa.

Bandari zina mashamba yake

Hapa ndipo kifurushi humdhulumu mpenzi wa mvinyo zaidi, hasa katika Bahari ya Mediterania. Tazama njia maarufu ya siku saba ya upande wa magharibi: Barcelona, Marseille, Genoa, Naples, Messina. Karibu kila bandari inapakana na ardhi ya mizabibu, na kila siku unayoshuka kifurushi chako kinaendelea kuhesabu ukiwa nchi kavu.

Kutoka Barcelona, treni hukufikisha Sant Sadurní d'Anoia chini ya saa moja, mji ambao maisha yake ni Cava, mvinyo wenye mapovu wa Katalunya. Jirani na Marseille kuna Cassis, maarufu kwa mvinyo mweupe unaokwenda vizuri na samaki, na mbele kidogo ni Bandol, ambako zabibu ya Mourvèdre hutoa mvinyo mwekundu unaolala kwenye mapipa ya mbao kwa miezi isiyopungua 18. Genoa ina Vermentino ya pwani ya Liguria, na nyuma ya milima yake ni Piemonte, nyumbani kwa Barolo. Huko huko Piemonte hutoka Moscato d'Asti, tamu, nyepesi, yenye kilevi cha karibu asilimia tano tu. Msomaji aliyeanza safari yake ya mvinyo na chupa tamu ya Dodoma, akaona mvinyo mkavu wa Ulaya unamkunja uso, aanzie hapo.

Naples inalala chini ya Vesuvius, na kwenye miteremko ya mlima huo wa volkano hulimwa zabibu za mvinyo wa Lacryma Christi, jina lenye maana ya machozi ya Kristo. Kutoka Messina unaweza kufika kwenye miteremko ya Etna, ambako zabibu ya Nerello Mascalese inakua kwenye udongo mweusi wa volkano. Glasi moja unayoinywa ukiwa umesimama kwenye udongo uliouzaa inafundisha kuliko glasi kumi za baa ya sitaha. Kumbuka tu kwamba meli haimsubiri aliyechelewa, na kwamba chupa unazonunua bandarini zinaweza kuzuiwa mlangoni na kurudishwa kwako mwisho wa safari.

Kifurushi kinapofaa

Haya yote hayamaanishi kwamba kifurushi ni mtego kwa kila mtu. Njia ikibadilika, hesabu hubadilika. Meli ya Queen Mary 2 huvuka Atlantiki kutoka Southampton hadi New York kwa usiku saba bila kutia nanga popote. Katika safari kama hiyo abiria anakula, anasoma na anapumzika humo humo kwa wiki nzima, na mtu anayeanza na kahawa, akapata glasi mchana, kokteli jioni na mvinyo na chakula, anaweza kweli kufikia idadi inayorudisha fedha yake. Mwenye kifurushi pia anajua gharama yake tangu mwanzo, na utulivu huo una thamani. Akitaka, anunue mtandaoni kabla ya kupanda, maana bei ya huko mara nyingi ni ya chini kuliko ya melini.

Zipo pia kampuni ambazo zimeweka mvinyo ndani ya nauli. Viking hutoa bia na mvinyo wakati wa chakula cha mchana na cha jioni. Silversea, Seabourn na Regent hujumuisha vinywaji kwa siku nzima, isipokuwa chupa za bei ya juu zilizo kwenye orodha ya pembeni. Nauli zao ni kubwa zaidi, lakini ukilinganisha, weka kifurushi na tozo juu ya ile nauli ya bei nafuu kwanza. Pengo huwa dogo kuliko linavyoonekana.

Kuna hesabu moja ambayo haiandikwi kwa dola. Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Kila mtu mzima ataamua la kufanya na taarifa hiyo. Lakini mtu anayekunywa glasi ya tano bila kuitamani, kwa sababu tu ameshailipia, ameacha kuamua; kifurushi kinamwamulia. Mapenzi ya mvinyo yana uhuru wa kusema leo inatosha.

Ndiyo maana ningemshauri mpenzi wa mvinyo aanze na ile chupa yenye namba ya chumba. Agiza Barolo usiku wa Genoa. Jioni hiyo ya kwanza mvinyo utakuwa mkali, umekaza, unakausha ulimi. Kunyweni nusu, muiache. Kesho yake, meli ikiwa inaelekea kusini na mwanga wa jioni uko juu ya maji, mhudumu atairudisha mezani. Onjeni tena. Ukali umelegea, harufu ya waridi imejitokeza, na mvinyo ule ule una jambo jipya la kusema. Baa isiyo na kikomo itakupa glasi nyingine wakati wowote, lakini siku ya pili ya chupa yako mwenyewe haitakupa.