Mti Ndani ya Chungu: Utangulizi wa Fani ya Bonsai

Mtu anayeiona bonsai kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili. La kwanza: mti huu una umri gani? La pili: umefanywa nini hata ukabaki mdogo hivi? Maswali hayo yanatosha kumwingiza katika fani nzima. La pili linatupeleka kwenye elimu ya mimea, la kwanza linatupeleka kwenye historia na subira. Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kushika mkasi wa kupogolea, lakini anatafuta kazi ya mikono ya kumtuliza moyo baada ya shughuli za siku. Ningependa aelewe jambo moja kabla ya mengine yote: bonsai ni makubaliano kati ya mtu na mti, na anayepanga ratiba ya makubaliano hayo ni mti.

Tuanze na udogo. Hakuna spishi ya mti iitwayo bonsai, wala hakuna mbegu za bonsai. Msonobari uliomo chunguni, ukihamishiwa shambani leo, utaanza kurefuka na kunenepa kama misonobari mingine. Udogo wake umetokana na kupogolewa, juu na chini. Katika ncha ya kila tawi mti hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka na kuyazuia machipukizi ya chini yasiamke. Ncha ikikatwa, kizuizi hicho huondoka, na machipukizi yaliyolala huamka mawili au matatu kwa pamoja. Kazi hiyo ikirudiwa msimu baada ya msimu, tawi moja lililonyooka hugawanyika kuwa matawi, na matawi huzaa vitawi. Nguvu ya mti inapogawanywa kwenye ncha nyingi namna hiyo, majani nayo hupungua ukubwa. Maua na matunda hayapungui. Mlimau wa chunguni huzaa limau la kawaida, ndiyo maana mafundi hupendelea miti ambayo matunda yake ni madogo kwa asili.

Mizizi nayo hukatwa. Mti mchanga hutolewa chunguni kila baada ya miaka miwili au mitatu, mti mzee baada ya muda mrefu zaidi. Mizizi minene hupunguzwa ili myembamba, ambayo ndiyo hasa inyonyayo maji na virutubisho, ipate nafasi ya kuchipua katika udongo mpya. Kwa hiyo si kweli kwamba bonsai hudumazwa kwa njaa. Mti wenye njaa hufa. Anayeishi Kericho, Rungwe au Mufindi amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake: mti wa chai ukiachwa huru hufikia mita kadhaa, lakini kwa kuchumwa na kupogolewa hubaki kimo cha kiuno kwa miongo mingi, ukiwa na afya na ukichipua bila kuchoka. Bonsai inafuata kanuni hiyohiyo, ila lengo lake ni umbo badala ya mavuno.

Sasa tugeukie umri. Sanaa hii ilianzia China. Katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, lililojengwa mwaka 706 wakati wa enzi ya Tang, kuna michoro ya ukutani inayowaonyesha watumishi wakibeba vyombo vyenye mimea na mawe madogo. Baadaye desturi hiyo ilivuka bahari hadi Japani, na gombo maarufu la picha la mwaka 1309 linaonyesha miti midogo iliyopandwa kwenye sinia. Wajapani waliipunguza mandhari ya mawe na milima, wakauweka mti wenyewe mbele, na kwa karne nyingi wakaujengea kanuni zake.

Ukitaka kuona uzito wa kanuni hizo, soma habari za Omiya. Tetemeko kubwa la ardhi la Kanto la mwaka 1923 lilipoharibu Tokyo, baadhi ya wakulima wa bonsai walihama kutafuta hewa safi, maji mazuri na nafasi, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao Omiya, kaskazini ya jiji hilo. Wakaaji wake waliwekeana masharti: kila mmoja awe na miti isiyopungua kumi, milango iwe wazi kwa wageni, pasijengwe nyumba za ghorofa, na wigo wa kila ua uwe wa mimea. Masharti hayo yanatufundisha kwamba tangu mwanzo bonsai haikukusudiwa kuwa mali ya kufichwa. Hadi leo watu huenda Omiya kujifunza, na tangu mwaka 2010 kuna jumba la makumbusho la bonsai mahali hapo.

Fani ilienea duniani kwa njia ya zawadi na walimu. Mwaka 1976 Japani iliipa Marekani miti 53 kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wa nchi hiyo. Miongoni mwake kulikuwa na msonobari mweupe uliotolewa na Masaru Yamaki wa Hiroshima, ambao umelelewa chunguni tangu mwaka 1625. Ni baada ya wajukuu wa Yamaki kwenda Washington mwaka 2001 kuutazama ndipo watunzaji walipojua kwamba mti huo ulikuwa nyumbani kwa familia hiyo asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, kilomita kama tatu kutoka mahali bomu la atomiki lilipolipuka. Katika jumba la makumbusho linaloitunza miti hiyo kuna pia kazi ya John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani: msitu wa mijunipa 11, kila mmoja ukiwakilisha mjukuu wake mmoja. Miti ya namna hii inalijibu swali la umri kwa namna yake. Ni kazi inayopokezwa kutoka mkono hadi mkono, na hakuna hata mkono mmoja unaoimaliza.

Uzuri wa bonsai unapimwaje? Fundi hutazama kwanza chini: mizizi ya juu itandae pande zote na kuishika ardhi. Kisha hutazama shina, ambalo linapaswa kuwa nene chini na kupungua polepole kuelekea kileleni. Halafu matawi: makubwa yawe chini, madogo juu, na kati yao pawe na nafasi ya hewa na nuru. Mitindo ina majina, na yote imetokana na kuangalia miti porini: wima ulionyooka, wima wenye mipindo, ulioinama, unaoporomoka chini ya ukingo wa chungu kama mti wa gengeni, uliolazwa na upepo, na msitu wa mashina mengi. Aliyeiona mivinje ya ufukweni iliyolazwa na kusi hahitaji kufafanuliwa mtindo wa upepo.

Tawi huelekezwa kwa waya wa shaba au wa alumini. Waya huzungushwa kwa mshazari, tawi likapindwa taratibu, na mti wenyewe ukamaliza kazi: unapoongeza mbao mpya chini ya gome, umbo jipya huganda. Waya ukisahaulika hulikata gome na kuacha makovu ya miaka. Katika nchi zetu, ambako hakuna baridi ya kuilaza miti kwa miezi, hatari hiyo huja mapema. Waya ukaguliwe kila wiki.

Hapa ndipo ninapouona utulivu ambao watu wengi huufuata katika fani hii. Hautokani na kukaa bure. Unatokana na kazi ndogo zenye mpangilio ambao si wewe uliyeupanga. Kukata huchukua dakika chache, kisha hufuata miezi ya kungoja mti ujibu. Katika kungoja huko, kazi ya kila siku ni kutazama na kumwagilia. Wajapani husema kumwagilia hujifunzwa kwa miaka mitatu, na hawatii chumvi, kwa sababu ratiba ya saa haifai: unagusa udongo, unaangalia jua na upepo, ndipo unaamua. Mtu aliyeshinda kutwa akikimbizana na tarehe za watu wengine hukuta chungu ambacho hakimruhusu kuharakisha chochote, lakini kinataka amakinike. Pupa huonekana baadaye kwenye tawi, na umakini pia huonekana. Huo ndio mchango halisi wa bonsai kwa nafsi ya mtu.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tuna nafasi gani katika fani hii? Nafasi kubwa. Jamii ya mikuyu ni miongoni mwa miti inayomvumilia zaidi anayeanza: huziba vidonda vya kukatwa haraka, hustahimili kukatwa mizizi, na baadhi yake huteremsha mizizi ya hewani. Mkwaju, unaotukuzwa na mafundi wa India na Ufilipino, asili yake ni Afrika. Mtarakwa wa milimani kwetu ni wa jamii moja na mijunipa ya Japani. Mbuyu hunenepa shina hata chunguni, mradi maji yapunguzwe sana unapopukutisha majani. Nako Afrika Kusini, Charles Ceronio wa Pretoria ameandika juu ya mitindo ya Kiafrika, ukiwemo ule wa mgunga wenye kilele bapa, ambao unakwenda kinyume kabisa na pembetatu ya msonobari.

Anayeanza na achukue mti wa jamii ya mkuyu kutoka kitaluni, wenye shina nene kidogo. Auweke nje penye jua, maana bonsai si pambo la sebuleni. Mchanganyiko wa kupandia upitishe maji upesi: changarawe, matofali yaliyopondwa au kokoto ndogo za volkano, mboji kidogo, na vumbi lote lichekechwe. Chungu kiwe na matundu. Asikimbilie chungu kifupi. Shina hunenepa mizizi ikiwa na nafasi, na chungu kifupi huja baadaye, wakati wa kuboresha vitawi. Mwaka wa kwanza ajifunze kumwagilia tu; baadaye, kila anapokata, aandike daftarini tarehe na jinsi mti ulivyojibu.

Daftari hilo lina faida kubwa kuliko anavyodhani mwenyewe. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa kufuata majira manne ya kaskazini. Lini ukate mizizi ya mkwaju, kabla ya masika au vuli? Mgunga wa Dodoma hutanua kilele chake ukiwa na umri gani, na tawi la kwanza huanzia wapi? Maswali haya hayahitaji maabara. Yanahitaji watu wengi wenye chungu kimoja kimoja, macho yaliyofunzwa, na moyo wa kuandika walichokiona. Karibu uwe mmoja wao.